Uwindaji Tayari Upo Kwenye Ranchi Yetu

Hotuba kwa wanahisa wa ranchi ya Taita Taveta wanaoishi Mombasa

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, na vijana mliokuja kwa niaba ya wazazi wenu: assalamu alaykum, na Bwana asifiwe.

Leo viti havikutosha. Mikutano iliyopita tulikuwa tukijaza safu mbili za mbele, waliobaki wakituma udhuru kwa simu. Najua kilichowaleta. Habari imezunguka kutoka Magongo hadi Mtopanga kwamba kuna mtu anataka kutulipa ili wageni waje kuwinda kwenye ardhi yetu, na ardhi ile haijatupa gawio la maana kwa muda mrefu. Habari ina ukweli ndani yake. Kuna mkataba ulioletwa kwa kamati. Nimeusoma wote, na kamati imeniomba niwaeleze ninavyouona kabla ya kura.

Msimamo wangu nautoa sasa hivi, asije mtu akapoteza muda kuubahatisha. Mkataba huu tuukatae. Ila tukiukataa halafu kila mtu akashika njia yake, tutakuwa hatujaamua lolote kuhusu uwindaji, kwa sababu uwindaji kwenye ranchi yetu unaendelea. Utaendelea usiku wa leo. Wanaowinda hawatulipi hata shilingi, hawakuomba ruhusa kwa mtu, na sisi wenye ardhi tumewaachia njia kwa kunyamaza. Hilo ndilo hasa lililonisimamisha mbele yenu.

Nianze na karatasi ya mkataba, maana ndiyo nyepesi.

Inaipa kampuni iliyoileta haki ya peke yake juu ya "shughuli zote za wanyamapori, zinazoruhusiwa sasa na zitakazoruhusiwa baadaye," kwa miaka 20. Kwa sasa tungepewa kiasi kidogo cha kufungulia mlango. Pesa kubwa, zile zinazotajwa mitaani, zimefungiwa sharti: zitalipwa siku ambayo sheria ya Kenya itaruhusu uwindaji wa burudani. Basi ni lazima tujue sheria hiyo iko wapi, na imefikaje hapo ilipo.

Wazee mliomo humu mnakumbuka enzi za leseni. Nchi ilikuwa imekatwa vitalu vya uwindaji. Mgeni alilipa serikalini, akapangiwa kitalu chake, akaja na magari, mahema, wapishi na wabeba bunduki. Mji huu wetu uliijua biashara hiyo tangu reli ilipofika bara. Theodore Roosevelt, alipotoka tu kwenye urais wa Marekani, aliteremka hapa Mombasa Aprili 1909 na kupanda gari la moshi kwenda bara. Katika safari ile ya Afrika, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Mwenye nchi waliyopita hakuwamo katika hesabu yoyote. Alibeba mizigo.

Walioumia zaidi ni Wawata, majirani zetu wa upande wa Galana, watu wa upinde mzito na mshale wa sumu, waliowinda ndovu tangu enzi za mababu. Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa 1948 uwindaji wao uligeuka kuwa ujangili, na katika msako mkubwa wa katikati ya miaka ya 1950 wengi wao walifungwa jela. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa Galana ili wawinde tena kihalali, kwa idadi iliyopangwa na chini ya usimamizi. Haukudumu vile ulivyokusudiwa, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha eneo lile likawa ranchi kubwa ya ng'ombe. Naitaja habari hii kwa sababu mkataba tulionao mkononi una ukurasa mzima kuhusu "manufaa kwa jamii asilia," na sharti ni kwamba manufaa hayo yataamuliwa na kampuni.

Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa leseni nchini kote. Mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na vinyago vya wanyama, na maduka mengi ya mji huu yaliyoishi kwa bidhaa hizo yakabadilisha kazi. Tangu hapo mlango umesukumwa mara kadhaa. Miaka ya 1990 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilifanya majaribio ya kuwapa wenye ranchi za Laikipia, Machakos, Nakuru na kwingineko mgao wa kuvuna wanyama kama punda milia na swala kwa ajili ya nyama na ngozi. Majaribio yalisimamishwa 2003, baada ya tathmini kuonyesha kwamba udhibiti ulikuwa dhaifu. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada ulioletwa na mbunge wa Laikipia, G. G. Kariuki, ambao ungefungua njia ya uwindaji kurudi, na Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Sheria mpya ya wanyamapori ya 2013 ikaja na maneno makali zaidi: uwindaji wa burudani ni kosa, uwindaji wa kitoweo ni kosa, biashara ya nyamapori ni kosa. Mwaka 2018 waziri wa utalii wa wakati huo, Najib Balala, mtoto wa hapa hapa Mombasa, aliunda jopo la kuangalia upya suala la kuvuna wanyama. Mjadala ukawaka, ukapoa. Uwindaji wa burudani umebaki kuwa kosa.

Kwa hiyo anayetuletea mkataba huu ananunua tikiti ya bahati nasibu kwa bei ya chini, na tikiti yenyewe ni ranchi yetu. Sheria ikibadilika ndani ya miaka 20, yeye ana kila kitu na sisi hatuna la kujadili. Isipobadilika, sisi ndio tuliofungwa, kwa sababu neno "zinazoruhusiwa sasa" linachukua pia kambi za watalii, upigaji picha na hata jina la hifadhi tukitaka kujisajili. Nimemuuliza wakili anayeijua sheria ya ardhi, naye akaisoma sentensi ile mara mbili na kunirudishia karatasi kwa kichwa cha kutikisa.

Sasa kuna mama mmoja alinisimamisha mlangoni nilipokuwa naingia. Akaniambia, "Mwanangu, usije ukatutetea wanyama hapa. Hao wanyama mimi wamenipa nini?" Nadhani swali lake lina watu wengi nyuma yake, na linastahili jibu la kweli. Wanyama hawajampa chochote. Ndovu walivunja silanga yetu, bwawa la kunyweshea mifugo, na kung'oa mabomba. Nyasi ambazo zingelisha ng'ombe wetu zinaliwa na punda milia, na kila mfugaji anajua punda milia hali kidogo. Hesabu ya kitaifa ya 2021 ilipata ndovu 36,280 nchini kote, na karibu 15,000 kati yao wako katika eneo letu la Tsavo. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu imo ndani ya hifadhi, na wanyama hawajui mpaka wa hifadhi uko wapi. Wanashinda kwetu. Sheria ya 2013 inasema aliyeuawa na mnyama familia yake ilipwe shilingi milioni 5, aliyepata ulemavu wa kudumu milioni 3, na mnajua wenyewe ni familia ngapi zinazongoja malipo hayo mwaka baada ya mwaka. Kwa nyasi zilizoliwa hakuna aliyewahi kutuandikia hundi. Mtu anayesema mwenye ranchi hana sababu ya kulalamika hajawahi kuimiliki.

Lakini tujue tulicho nacho na tusichokuwa nacho. Hapa Mombasa sote tunaielewa nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni, mtu ana nyumba yake, kuta ni zake, mabati ni yake, na kiwanja kina mwenyewe anayepelekewa ijara. Ranchi yetu ni ardhi bila wanyama. Udongo, nyasi, maji na njia ni vyetu kwa hati. Ndovu, tandala, digidigi na nyati wanaokaa juu yake ni wa umma, na Serikali ndiyo mwangalizi wao. Hatuwezi kuuza risasi itakayompiga mnyama huyo, hata kama sahihi zetu zote zitawekwa.

Mtu asidhani jambo hili ni la Kenya peke yake. Kule Texas, Marekani, ambako zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ni ya watu binafsi na uwindaji ni halali, kulungu wa porini pia si mali ya mwenye shamba. Ni wa umma wa jimbo. Leseni na msimu vinatoka serikalini. Mwenye shamba anachokodisha ni ruhusa ya kuingia, na kwa ruhusa hiyo wako wanaopata pesa kushinda za ng'ombe. Nimevutiwa na maswali wanayojiuliza kabla ya kukodisha. Nani hasa ataingia, yeye peke yake au na rafiki zake? Nani analipa mtu akipigwa risasi kwa bahati mbaya au nyasi zikishika moto? Gari litapita wapi wakati wa mvua? Lango litafungwa na nani usiku? Wanyama walihesabiwa lini mara ya mwisho, na nani alihesabu? Mkataba ulioletwa kwetu hauna jibu la hata moja kati ya hayo. Unaitaja ranchi kana kwamba ni nchi tupu isiyo na mchungaji, isiyo na kijiji pembeni, isiyo na ng'ombe wa kukodi malisho.

Na Namibia je? Nimesikia mtu akiitaja hapo nyuma, na ni mfano wa haki kuutaja. Mwaka 1996 Namibia ilibadilisha sheria ili jamii zinazoishi kwenye ardhi ya pamoja ziunde hifadhi zao na kupewa haki juu ya wanyama, na leo kuna hifadhi za namna hiyo zaidi ya 80. Baadhi zinapata mapato kutokana na wawindaji wa nje, na nyama inagawiwa wanakijiji. Uko ukweli katika hoja ya wanaoutetea uwindaji, kwamba mwindaji hufika mahali pakavu, pasipo na barabara nzuri wala hoteli, ambapo mtalii wa kamera hataki kwenda. Sina sababu ya kuuficha. Ila angalieni mpangilio wa mambo kule: haki ilitangulia, kamati zikaundwa, wanyama wakahesabiwa na walinzi wa kijiji wenyewe, ndipo mikataba ikaandikwa. Sisi tunaambiwa tuanze na mkataba, mengine yatafuata.

Kuna jambo jingine la majirani. Wanyama hawa si wetu peke yetu. Kati ya Septemba 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, ndovu dume kadhaa wenye pembe ndefu, waliozoea kuishi upande wa Amboseli na kufuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi, waliuawa na wawindaji wenye vibali upande wa Tanzania, karibu na mpaka. Kwa sheria ya Tanzania uwindaji ni halali. Kwa watu wa Amboseli, waliovumilia ndovu wale katika mashamba na malisho yao, malipo yalikuwa hakuna. Fikirini hali hiyo kati ya ranchi na ranchi, huku Maungu, Sagalla na Kasigau. Mmoja anaweka walinzi na kujaza silanga wakati wa kiangazi, wa pili anangoja upande wa pili wa barabara na bunduki ya mgeni. Ujirani utaisha katika msimu mmoja.

Hiyo ndiyo karatasi. Sasa nije kwenye lile ninaloliona kubwa.

Wengi wenu hamjakwenda ranchini miaka mingi, na siwalaumu, nauli na kazi za mji zinajulikana. Lakini wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na letu linaondoka. Ukitembea na wachungaji pembeni mwa silanga asubuhi wakati wa kiangazi, utaona nyaya. Ni waya wa kawaida, wa uzio au uliochunwa kutoka kwenye kebo kuukuu, umefungwa tanzi kwenye shina la mti kwa kimo cha shingo ya swala, katikati ya njia ambayo mnyama lazima aipite kwenda majini. Aliyetega anaweza kuweka tanzi hamsini kwa siku moja na asirudi kwa siku kadhaa. Waya hauchagui. Unanasa tandala mwenye mimba na ndama wa pofu. Unanasa mguu wa punda milia, akauburuta hadi ukakatika. Ndovu mdogo anashika waya kwa mkonga, na mkonga ukikatwa hawezi kula wala kunywa. Umenasa mbuzi wetu pia. Nusu ya walionaswa wanaoza hapo hapo kwa sababu mtegaji amechelewa au amesahau alipotega, na tai wakila mzoga ndiyo inakuwa mara ya kwanza kujua kwamba mtego ulikuwapo.

Usiku ni hadithi nyingine. Wanakuja kwa pikipiki, wawili wawili, usiku wa giza ambao mwezi haujatoka. Wana tochi kali na honi. Digidigi akimulikwa machoni husimama, na kelele humzidishia bumbuwazi, naye hupigwa rungu au panga pale pale. Kwa usiku mmoja watu wawili wanaweza kujaza gunia. Kabla ya alfajiri wako barabara kuu. Hakuna mlio wa bunduki wa kumwamsha mtu, hakuna gari la kifahari, hakuna mgeni wa kupigwa picha gazetini, ndiyo maana huwa hatusemi kwamba ranchini kwetu kuna uwindaji. Tunasema kuna vijana wanaotafuta kitoweo.

Baadhi ni kitoweo, nakubali. Mtu mwenye njaa kijijini Buguta anayekamata sungura simhesabu pamoja na hawa. Hawa ni wafanyabiashara, na soko lao ni mijini. Mwaka 2004 uchunguzi wa mabucha ya Nairobi ulikuta takriban robo ya sampuli za nyama zilikuwa za wanyama wa porini, wakati mnunuzi aliamini ananunua ya mbuzi au ng'ombe. Nani kati yetu ana uhakika na mishikaki anayokula kando ya barabara? Nyama hiyo haikupita kwa mkaguzi, haina muhuri. Mnyama wa porini anaweza kuwa na kimeta, na homa ya Bonde la Ufa tuliiona ilivyotesa watu na mifugo katika nchi hii mwaka 1997 na tena 2006. Na kwa ndugu zangu Waislamu, ambao ni wengi humu, sihitaji kueleza sana. Mnyama aliyekufa kwenye waya usiku, akakutwa asubuhi amekauka, ni kibudu. Kinaingia Mombasa ndani ya gunia, kinakatwakatwa, kinatiwa viungo, na mtu anasoma bismillahi juu yake bila kujua. Hili linanichoma, wala sioni haya kusema hivyo mbele za watu.

Wanaotaka uwindaji ufunguliwe wana takwimu wanayopenda kuitumia, na ni ya kweli: utafiti uliokusanya hesabu za kutoka angani katika nyanda za malisho za Kenya uligundua kwamba kati ya 1977 na 2016 wanyamapori walipungua kwa takriban asilimia 68. Wanasema, mnaona, marufuku haikuwaokoa. Mimi naisoma takwimu hiyo nikiwa nimesimama kando ya silanga yetu. Marufuku iliondoa bunduki yenye leseni. Haikuondoa waya. Haikuondoa ukame, uzio, makaa, mifugo iliyoongezeka wala mashamba yaliyofunga mapito ya wanyama. Mwaka 2022 pekee ukame uliua ndovu zaidi ya 200 nchini katika miezi michache. Kuruhusu bunduki irudi hakutoi tanzi hata moja kwenye njia ya maji, isipokuwa kuna mtu anayelipwa kutembea na kulitoa. Na mtu huyo tunaweza kumlipa bila bunduki ya mgeni.

Sizungumzi ndoto. Ranchi kadhaa za ukanda wa Kasigau ziliingia katika mradi wa hewa ukaa ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kupewa hati za kaboni, zinazouzwa kwa wanaochafua hewa, kwa kulinda msitu chini ya viwango vya kimataifa. Walinzi wakaajiriwa kutoka vijiji vya jirani. Sisemi kila kitu kimenyooka huko, wala sisemi kila ranchi itaweza. Ranchi yetu haina msitu wa namna ile. Tunayo pesa ya malisho ya kukodi, ambayo kila mwaka inaingia na kuishia kwenye posho za vikao na ada za kesi. Nimeomba kwa mweka hazina hesabu za miaka mitatu, na nitazisoma mbele yenu mkiniruhusu. Sehemu ya pesa hiyo inatosha kuweka maskauti wachache, vijana wa vijiji vinavyopakana nasi, wanaolijua pori na wanaowajua kwa majina wanaotega. Wengine kati ya watakaoomba kazi watakuwa wale wale waliokuwa wakitega jana. Mimi sioni kizuizi hapo. Mtu anayejua mahali tanzi linapowekwa ndiye anayejua pa kulitafuta.

Kazi yao haina ufundi mkubwa. Watembee njia za maji wakati wa kiangazi, wakusanye nyaya, waandike walichotoa na mahali walipokitoa. Usiku wa giza wakae kwenye mapito mawili ya pikipiki yanayotoka ranchini kwenda barabara kuu, na wawe na simu ya askari wa KWS, kwa sababu skauti wa ranchi hana bunduki wala mamlaka ya kumfunga mtu, na sitaki mtoto wa mtu afe kwa ajili ya digidigi. Wafugaji wanaokodi malisho waandikiwe katika mkataba wao kwamba kila waya watakaouona watauripoti, na kwamba boma lao likikutwa na nyamapori mkataba umekwisha. Ndovu wa Sagalla nao wana dawa yao: watu kule wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki, na wengi wa ndovu wakisikia mvumo hugeuka. Asali inauzwa. Tungeweza kuanza na upande mmoja wa silanga.

Sheria ya 2013 inamruhusu mwenye ardhi kusajili hifadhi ya wanyama kwenye ardhi yake. Usajili huo haumuuzi mtu, hauondoi hati yetu, na ng'ombe wanaendelea kulisha. Unatupa sauti mbele ya kaunti na mbele ya KWS. Siku sheria ikibadilika, kama itabadilika, tutaingia kwenye meza tukiwa na daftari la hesabu za wanyama wetu za miaka kadhaa, na atakayetaka kuingia langoni atajibu maswali yetu. Sina msimamo kwamba mnyama asiuawe kamwe, hata siku hiyo ikifika. Nitauliza hesabu iko wapi, nyama itakwenda kwa nani, na jirani ameulizwa. Nikiridhika nitanyoosha mkono. Leo sijaona kitu cha kuniridhisha.

Kwa yule mama wa mlangoni, nimemwona ameketi pale upande wa dirisha. Mama, hisa ulizoachiwa na mumeo hazitakulipa mwezi ujao, mkataba tukiukubali au tukiukataa. Kiasi kilichoahidiwa cha kufungua mlango, kikigawanywa kwa hisa zote, hakifiki nauli yako ya kwenda na kurudi Voi. Nimekipigia hesabu mara kadhaa. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba hesabu za malisho zitasomwa hadharani, na kwamba mwaka kesho nikisimama hapa nitakuambia nyaya ngapi zilitolewa na pesa ya nani ilizitoa.

Mwenyekiti, hoja zangu ni hizi, na nimempa katibu kwa maandishi. Mkataba uliowasilishwa ukataliwe, na kamati isitie sahihi mkataba wowote wa wanyamapori bila mkutano wa wanahisa kuupitisha. Sehemu ya pesa ya malisho ya kukodi itengwe kuanzia msimu huu kwa maskauti, na kiwango chake kiamuliwe hapa leo baada ya mweka hazina kusoma hesabu. Kamati iandike barua kwa KWS na kwa ranchi mbili tunazopakana nazo kuhusu doria za pamoja, na ianze taratibu za kusajili hifadhi.

Kura inahesabiwa kwa hisa. Daftari liko mezani kwa katibu. Aliye na hisa za mzazi aliyefariki, ambazo hazijahamishwa jina, hataweza kupiga kura leo, lakini ajiandikishe kabla ya kuondoka, kwa sababu wakili atakaa hapa hadi saa kumi na moja kueleza jinsi ya kufungua mirathi mahakamani, na hatatoza kitu. Baada ya hapo naomba mjadala ufunguliwe, na wenye maoni tofauti na yangu watangulie kuzungumza.